Keno ilianza na herufi 80 za kitabu cha watoto, sio na skrini ya kibanda cha kubeti

Pita kibanda chochote cha kubeti mida ya saa nane mchana, mechi za Ulaya bado hazijaanza na mikeka ya jana imeshachanika. Utakuta kuna vijana hawaangalii mambo ya mpira kabisa. Macho yao yote yako kwenye skrini ya pembeni. Namba zinadondoka moja moja mpaka zifike 20, kimya kidogo, mtu mmoja anasonya, mwingine anakunja tiketi yake anaitupa chini, halafu saa inaanza kuhesabu kurudi nyuma kuelekea mzunguko mwingine. Hiyo ndio Keno.

Wengi wanaoicheza wanaichukulia kama mchezo wa juzi, kitu kilichokuja na intaneti na simu janja. Kumbe mchezo wenyewe ulikuwepo kabla hata balbu ya umeme haijawaka mitaani. Umevuka bahari kwenye meli za vibarua, umekimbizwa na polisi kwenye nchi zaidi ya moja, na kuna kipindi ulijifanya ni mbio za farasi ili kuikwepa sheria. Jina limebadilika, rangi imebadilika, lakini mifupa yake ni ile ile: 80 ubaoni, 20 zinatoka.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa, inachezwa hivi. Kuna ubao wenye namba 1 mpaka 80, mara nyingi umekatwa katikati, 40 juu na 40 chini. Mchezaji anachagua namba zake, kawaida kuanzia 1 mpaka 10, ingawa zipo sehemu wanaruhusu 15 na hata 20. Anaweka dau. Mchezeshaji anatoa namba 20, iwe kwa mipira inayorushwa na upepo ndani ya kioo au kwa kompyuta. Namba yako ikiwa ndani ya zile 20, umeipatia. Malipo yanategemea vitu viwili kwa pamoja: ulichagua ngapi, na umepatia ngapi kati ya hizo.

Hapo kwenye vitu viwili ndipo watu wengi wanapochanganya. Jamaa anachagua namba 10, anapatia 3, anaruka na kushangilia, anaenda dirishani na kuambiwa hakuna kitu. Pembeni yake kuna mwenzake alichagua 3 tu, zote zikatoka, huyo analipwa. Wote wamepatia 3. Tofauti iko kwenye jedwali la malipo, lile ambalo limebandikwa ukutani au limefichwa nyuma ya kialama fulani kwenye simu na karibu hakuna anayelisoma. Kila sehemu ina jedwali lake. Ubao unaweza kufanana kabisa na bado ofisi mbili zikalipa tofauti kabisa.

Sasa turudi nyuma, maana stori yenyewe iko huko.

Jenerali, njiwa na uongo mtamu

Kuna hadithi inazunguka kwenye kurasa nyingi za kasino na karibu kila mtu ameshainakili. Inasema kwamba huko China, kama miaka 200 kabla ya Kristo, kulikuwa na jenerali aliyezingirwa vitani. Hela zimeisha, wananchi wamechoka kuchangia, jeshi lina njaa. Jenerali akabuni mchezo wa kubahatisha, watu wakacheza, hela ikaingia, mji ukaokoka. Toleo lingine linaongeza kwamba hela iliyobaki ikasaidia kujenga Ukuta Mkuu wa China. Matokeo yalipelekwa vijijini na njiwa weupe, ndio maana mchezo ukaitwa tiketi ya njiwa mweupe.

Stori nzuri sana. Shida yake ni moja tu: tarehe hazikutani.

Mchezo wa zamani haukuwa na namba. Ulikuwa na herufi 80 za Kichina, na herufi hizo zilikuwa ni zile 80 za kwanza za shairi maarufu linalojulikana kama Maandishi ya Herufi Elfu. Shairi hilo liliandikwa karne ya 6 baada ya Kristo kwa amri ya mfalme. Lina herufi 1,000, zimepangwa nne nne kwenye mistari 250, na linajulikana kwa kuwa na herufi zisizojirudia. Inasimuliwa kwamba aliyepewa kazi hiyo aliimaliza kwa usiku mmoja, na kulipokucha nywele zake zote zilikuwa zimegeuka nyeupe. Iwe kweli iwe chumvi, kazi ilibaki. Kwa karne nyingi watoto wa China walianza kujifunza kusoma kwa shairi hilo.

Kwa hiyo jenerali wa miaka 200 kabla ya Kristo angepata wapi herufi za shairi ambalo lingeandikwa miaka kama 700 baada yake? Ushahidi wa maandishi unaueleza mchezo huu karne ya 19, kusini mwa China, hasa maeneo ya Guangdong. Jenerali alibandikwa baadaye kuupa mchezo heshima ya ukale, kama mtu anayefungua baa na kuandika ukutani kwamba babu yake alikuwa chifu.

Ila kwa nini shairi la watoto? Kwa sababu kila mtu alilijua. Mpangilio wa herufi zile ulikuwa kama a-b-ch ya kwetu. Zilitumika kuhesabia na kupanga vitu, hata vyumba vidogo vya watahiniwa kwenye mitihani mikubwa ya serikali ya kifalme vilitambulishwa kwa herufi za shairi hilo. Kwa hiyo mchezeshaji alipotaka alama 80 ambazo hazijirudii na ambazo hata mtu mwenye elimu ya kuunga unga anaweza kuzitambua, hakuhitaji kubuni chochote. Shairi lilikuwa tayari liko vichwani mwa wateja.

Bakuli nne

Namna ya kuchezesha nayo inafaa kuelezwa taratibu, kwa sababu inajibu swali ambalo wachezaji wa leo hawajiulizi: kwa nini zinatoka 20? Kwa nini sio 15, kwa nini sio 25?

Mwaka 1891 mtafiti mmoja wa Kimarekani alichapisha maelezo ya michezo ya kamari ya Wachina waliokuwa wakiishi Marekani, na ndani yake akaueleza huu. Herufi zote 80 ziliandikwa kwenye vipande vya karatasi, kila moja na kipande chake. Vipande vikaviringishwa kuwa vidonge na kuchanganywa. Kisha vikagawanywa kwenye bakuli nne, kila bakuli vidonge 20. Baada ya hapo ikapigwa kura nyingine ya 1 mpaka 4 kuchagua bakuli moja. Bakuli lililochaguliwa ndilo la ushindi, na herufi zake 20 ndizo zilizotoka. Tatu zilizobaki ni takataka.

Hiyo 20 ya skrini ya leo ni hilo bakuli moja kati ya manne. Na ndio maana ukichagua namba moja tu kwenye Keno, nafasi yako ya kuipatia ni 1 kwa 4 kamili, Dar es Salaam, Nairobi au Las Vegas. Kompyuta imeondoa bakuli, hesabu ya bakuli imebaki.

Mchezaji wa enzi hizo alichukua tiketi iliyochapwa herufi zote 80 na kuweka alama kwa brashi na wino kwenye herufi 10. Kawaida malipo yalianzia herufi 5. Chini ya hapo umeliwa. Ukipiga hesabu, mwenye tiketi ya 10 anapatia 5 au zaidi karibu mara moja katika kila tiketi 15 au 16. Zile nyingine zote zinaenda kwa mwenye bakuli.

Vibarua wa reli

Kuanzia mwaka 1849 dhahabu ya California ilivuta watu kutoka kila kona, wakiwemo maelfu ya wanaume kutoka Guangdong. Wengi waliishia kwenye kazi ambazo wengine walizikimbia. Kampuni ya reli ya Central Pacific iliajiri maelfu ya Wachina kupasua milima ya Sierra Nevada, kwa mshahara uliokuwa kama dola 30 hivi kwa mwezi, chini ya walicholipwa wazungu kwa kazi ile ile. Reli ikakamilika Mei 10, 1869, kule Promontory Summit, Utah.

Reli ilipoisha kazi nayo ikaisha. Watu wakasambaa mijini: kufua nguo, kupika, kulima bustani, kuvua. Wengi walikuwa wanaume peke yao, wake na watoto wako ng'ambo ya bahari, na sheria za Marekani zilizidi kubana wanawake wa Kichina wasiingie. Mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina kabisa, na haikufutwa mpaka 1943. Zaidi ya miaka 60.

Fikiria mtu wa namna hiyo. Anapiga pasi mashati ya watu siku nzima, nyumbani wanasubiri hela, jioni hana pa kwenda. Duka la pembeni linauza chai, viungo, barua zinapokelewa hapo hapo, na kwenye kaunta kuna tiketi zenye herufi alizofundishwa akiwa mtoto. Kwa senti chache anapata kitu cha kusubiri. Kampuni za Chinatown zilichezesha mara moja au mbili kwa siku. Mchana kucha mtu anakaa na tiketi mfukoni, anawaza, akirudi jioni anaangalia matokeo. Hela aliliwa, hilo halina ubishi. Lakini kasi ilikuwa ya kibinadamu, na huenda hilo ndilo jambo muhimu kuliko yote kwenye historia hii nzima.

Wazungu nao wakaonja. Hawakujua kusoma hata herufi moja ya zile, wakachora alama tu popote mkono ulipotua. Nafasi yao ya kushinda ilikuwa sawa na ya mzee aliyelikariri shairi lote. Wale wanaosema wanazisoma namba wangetulia dakika moja kwenye hilo.

Upande mwingine wa dunia, mchezo huo huo uliingia Australia na New Zealand na wachimba dhahabu wa Kichina, ukaitwa pakapoo. Ulipigwa marufuku, polisi wakavamia nyumba, watu wakaendelea kucheza. Mtaa wa Haining jijini Wellington ulijulikana kwa hilo. Tiketi zilizojaa alama za wino juu ya herufi zilionekana ovyo kiasi kwamba msemo ukazaliwa: kitu kikiwa kimevurugika hakisomeki, watu walisema kinafanana na tiketi ya pakapoo. Mwandiko wa daktari, kwa mfano.

Farasi ambao hawakuwepo

Marekani mchezo uliishi kichochoroni mpaka miaka ya 1930. Machi 1931 jimbo la Nevada likahalalisha kamari. Uchumi ulikuwa umeanguka, jimbo ni jangwa, hela inatakiwa. Ungedhani sasa mchezo wa Wachina umepata nyumba. Bado. Katiba ya Nevada, iliyoandikwa 1864, ilikataza bahati nasibu, na mchezo huu kila aliyeutazama aliona ni bahati nasibu: unanunua tiketi, unasubiri zichezeshwe.

Hapo ndipo wakaingia vijana wa mjini kutoka Butte, Montana. Butte ulikuwa mji wa machimbo ya shaba, una Wachina wake na una mchezo wake. Huko Montana ulikuwa umeshachezwa na watu wasiojua Kichina, na katika safari hiyo herufi za shairi zikaachwa njiani, zikawekwa namba 1 mpaka 80. Mwaka 1936 mchezo ukafunguliwa kwenye klabu moja ya Reno ukiwa na vazi jipya. Kila namba ilipewa jina la farasi. Mchezaji hachagui namba, anachagua farasi. Zikitoka 20, ni farasi 20 wameshinda. Jina likawa keno ya mbio za farasi, na kuweka dau kwenye farasi halikuwa kosa.

Hakukuwa na farasi hata mmoja. Hakukuwa na uwanja, hakukuwa na nyasi. Kulikuwa na vidonge vyenye namba na majina. Ujanja wa mjini haujaanza leo.

Jina keno lenyewe wala si la Kichina. Lilikuwa linatumika Marekani tangu mwanzoni mwa karne ya 19 kwa mchezo tofauti unaofanana na bingo, na mizizi yake inapelekwa kwenye neno la Kifaransa la namba tano za ushindi. Mchezo wa Kichina ukavaa jina la Kifaransa na majina ya farasi, ukakaa kwenye jangwa la Marekani. Mvuaji wa mashati hakutajwa popote.

Farasi walidumu miaka 15 hivi. Mwaka 1951 serikali kuu ya Marekani ikaweka kodi ya asilimia 10 kwenye madau ya aina fulani, yakiwemo ya mbio za farasi. Wenye kasino wakatazamana. Yale majina yaliyowaokoa na katiba sasa yangewatia kwenye kodi. Farasi wakafukuzwa haraka sana, ikabaki keno tupu. Lakini ulimi una kumbukumbu: Nevada mpaka leo mzunguko mmoja wa Keno unaitwa mbio.

Na wino ukabaki. Hiki ni kitu cha ajabu kidogo. Kwa miongo mingi baada ya hapo, mtu akiingia kasino ya Nevada kucheza Keno alikuta kaunta imewekewa brashi na wino mweusi, anapaka alama kwenye tiketi yake kama walivyofanya wazee wa Guangdong, akiwa hana habari kwa nini asipewe kalamu. Wasichana walizunguka kwenye meza za migahawa wakikusanya tiketi na hela, wanakimbiza dirishani, wanarudi na matokeo. Mtu anakula nyama yake huku anacheza. Mchezo ulikuwa wa polepole, wa watu waliochoka miguu, na kwa sababu hiyo kasino nyingi za Las Vegas baadaye ziliubana nafasi. Sehemu inayokalia kumbi za Keno ingeweza kukaa mashine nyingi zinazomeza hela kwa kasi.

Jamaa wa Montreal

Kila mtaa una mtu anayesema amegundua siri ya Keno. Kwenye magrupu ya simu wapo wanaouza namba za leo kwa hela, na ukijiuliza kwa nini asizicheze mwenyewe kimya kimya akatajirika, unaondolewa kwenye grupu. Wapo wanaoandika daftari la namba za moto na namba zilizolala. Namba haijui kama ilitoka jana. Kila mzunguko bakuli linajazwa upya.

Lakini kuna jamaa mmoja alishinda kweli. Mwaka 1994, kwenye kasino ya Montreal, Kanada, alicheza Keno na kupatia namba 19 kati ya 20. Akarudia, 19 kati ya 20. Akarudia tena, mara ya tatu mfululizo. Jumla ikawa takriban dola 600,000 za Kanada. Kasino ikashtuka, malipo yakasimamishwa, uchunguzi ukaanza.

Hakukutwa na kosa. Kosa lilikuwa la mashine. Kompyuta haibahatishi, inapiga hesabu. Inaanza na namba ya kwanza, wataalamu wanaiita mbegu, halafu kanuni inazalisha namba nyingine kutoka hapo. Mbegu ikiwa tofauti, namba zinakuwa tofauti. Mashine ile ilikuwa inaanza na mbegu ile ile kila ilipowashwa, kwa hiyo mfululizo wa namba ulikuwa unajirudia siku kwa siku. Jamaa akalipwa hela yake.

Wauza namba wanaipenda sana stori hii, na wanaisimulia nusu. Yule bwana hakuushinda mchezo. Alikuta bakuli halichanganywi. Kasoro ikirekebishwa, naye anarudi kuwa kama wewe na yule mzungu asiyejua Kichina.

Hesabu ya mtu mzima

Ukichagua namba 3, nafasi ya kuzipatia zote ni 1 kati ya 72 hivi. Namba 5 zote, 1 kati ya 1,551. Namba 10 zote, 1 kati ya 8,911,711. Tuseme kuna mchezo kila dakika 5, hiyo ni michezo 288 kwa siku. Ucheze yote, mchana na usiku, bila kulala wala kula, itakuchukua miaka kama 85 kufikisha idadi hiyo ya tiketi. Kwa buku kila tiketi utakuwa umeshaweka zaidi ya shilingi bilioni 8.9, na hata hapo hujahakikishiwa.

Sasa angalia kinachomfanya mtu arudi. Kwenye tiketi ya namba 10, zaidi ya nusu ya tiketi zote zinapatia 2 au 3. Sio sifuri. Sifuri kabisa ni ngumu kidogo, kama 1 kati ya 22, na zipo kasino zinazokulipa kwa kukosa zote. Kwa hiyo karibu kila mara mchezaji anaona namba zake kadhaa zikiwaka. Ile ya 17 ni tarehe ya mtoto, imetoka. Ile ya 44 imetoka. Ya 68 imetoka 69, jirani kabisa! Anaondoka dirishani na neno moja mdomoni, nimekosa kidogo tu, wakati kwenye jedwali 3 kati ya 10 mara nyingi ni sawa na kutocheza. Na kwa kuwa namba alichagua mwenyewe, hata kuliwa anaona ni kosa lake, kwamba angechagua vizuri zaidi. Mwenye mashine hakuna anayemlaumu.

Faida ya mwenye mchezo ipo wazi, haihitaji wizi. Chukulia sehemu inayolipa mara 3 ya dau kwa anayechagua namba moja. Nafasi ni 1 kwa 4. Weka buku mara nne, 4,000 zimeenda, kwa wastani unashinda mara moja, 3,000 zimerudi. Robo imebaki mezani. Keno ya kasino za Nevada nayo kwa kawaida ilikula robo au zaidi kidogo ya madau yote, kiasi kikubwa kuliko michezo mingi ya kasino. Hakuna jipya hapo, kampuni za Chinatown nazo ziliishi kwa hesabu ya namna hiyo hiyo.

Kilichobadilika ni saa. Yule fundi wa mashati alicheza mara moja, mbili kwa siku. Duka likifungwa, limefungwa. Tuseme leo angeweka buku kwenye michezo 2, angeweka 2,000, na kwa faida ile ya robo angekuwa anapoteza wastani wa 500 kwa siku. Kijana wa pale kibandani, mchezo kila dakika 5, anapiga 12 kwa saa. Kwa buku buku ni 12,000 zinazopita mkononi kwa saa moja, wastani wa 3,000 hazirudi. Saa nne za kusubiri mechi zianze ni 12,000 imeondoka, na hajacheza kwa fujo wala kupandisha dau. Kwenye simu hata hakuna foleni ya dirishani ya kumpa nafasi ya kupumua.

Bakuli ni zile zile nne. Zamani zilichanganywa asubuhi na jioni, sasa hivi zinachanganywa kila wimbo mmoja ukiisha.